Kenwood TS-850S Iliyoharibika: Itengenezwe au Iuzwe?

Kenwood TS-850S iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo ni miongoni mwa redio za ridhaa, yaani redio za kupokea na kurushia mawasiliano zinazotumiwa na watu wenye leseni kwa kupenda tu, ambazo watu hurithi, hununua za mtumba au huzikuta kwenye kabati la mwanaredio aliyekwisha kustaafu, mara nyingi zikiwa zinawaka lakini hazifanyi kazi inavyopaswa. Tathmini hii haikuandikwa kwa ajili ya mtu anayetafuta redio nzima. Nimemwandikia yule ambaye tayari anayo mezani, ni mbovu, na hajui kama aitafutie fundi au aitafutie mnunuzi. Msimamo wangu nautaja mapema: kama redio hii imeangushwa na uzee, itengenezwe, kama imeangushwa na ajali, iuzwe, na iuzwe kwa kusema wazi jinsi ilivyo.

Kwanza ni haki kusema kwa nini swali lenyewe lina maana, kwa sababu zipo redio nyingi za umri huo ambazo hazistahili kulehemiwa hata waya mmoja. TS-850S hurusha kwa wati 100 katika bendi za ridhaa kuanzia mita 160 hadi mita 10, na hupokea mfululizo kuanzia kilohezi 100 hadi megahezi 30. Ishara inayoingia kutoka kwenye antena hupandishwa kwanza hadi megahezi 73.05, kisha hushushwa hadi megahezi 8.83, halafu kilohezi 455, na katika hatua hizo mbili za mwisho unaweza kuweka vichujio vya fuwele au vya kauri vinavyokata kila kitu kisichohitajika. Redio iliyofungwa vichujio vyembamba vya hezi 500 katika hatua zote mbili huitoa ishara hafifu ya Morse katikati ya kelele za vituo vikubwa kwa namna ambayo sikio huithamini mara moja. Sauti ya SSB, yaani modi ya kuzungumza kwa upande mmoja wa mawimbi, ni tulivu, haichoshi hata baada ya saa nyingi za kusikiliza, na karibu kila kazi unayoihitaji ukiwa hewani ina kitufe chake mwenyewe badala ya kufichwa ndani ya menyu. Mimi huiweka redio hii juu sana kwa jambo hilo la mwisho.

Upungufu wake pia ni wa kweli. Haina picha ya mawimbi kwenye kioo kama ile ya Icom IC-7300 iliyotoka mwaka 2016, haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na kompyuta bila kifaa cha kati kama IF-232C, na ni pande la mashine linaloendeshwa kwa volti 13.8 na kuhitaji umeme wa ampea 20 na ushei inaporusha kwa nguvu zote. Anayependa kuona bendi nzima kwa macho hataridhika nayo hata ikitengenezwa vizuri kabisa, na mtu wa namna hiyo asipoteze muda kusoma mambo ya lehemu, aiuze.

Ugonjwa unaoijulisha redio hii kwa mafundi unakaa kwenye bodi ndogo iitwayo CAR, yaani ile inayozalisha mawimbi ya ndani yanayotumika kubadilisha masafa. Juu ya bodi hiyo kuna kapasita ndogo za elektroliti za kubandikwa, zile zenye umbo la kopo la alumini. Kapasita za kizazi hicho, ambazo hazikutumiwa na kampuni moja tu bali na viwanda vingi vya elektroniki vya wakati ule, huvuja zikizeeka. Majimaji yake hutambaa chini ya kopo, hula njia za shaba, hula lehemu, na hatimaye huingia kwenye vitobo vidogo vinavyounganisha upande mmoja wa bodi na upande wa pili. Matokeo huonekana kwa sura tofauti: redio inapokea lakini hairushi, au sauti inafifia katika modi moja huku modi nyingine ikiwa salama, au kioo kinaonyesha nukta badala ya tarakimu za masafa, dalili kwamba mzunguko wa kufunga masafa umeshindwa kushika.

Mtu asiyeujua ugonjwa huu huziona nukta hizo na kudhani redio imekufa. Haijafa. Na hapa ndipo penye hoja yangu kuu, kwa sababu hitilafu ya uzee ina mipaka: inajulikana iko wapi, inajulikana inaanzaje, na wanaredio wengi wamekwisha kuipitia wakaacha maelezo na picha zinazoweza kufuatwa. Gharama yake inaweza kukadiriwa kabla ya kuanza kazi. Kapasita zenyewe ni vipuri vya bei ndogo mno. Kinachogharimu ni muda na mkono uliotulia.

Kwa hiyo, kabla ya kumwuliza mtu yeyote bei, fungua redio uitazame bodi hiyo, au umwombe fundi aifungue mbele yako. Redio iwe imechomolewa kwenye umeme na antena. Tumia kioo cha kukuzia na taa ya pembeni, si ya juu, ili mwanga upite ukilamba uso wa bodi. Lehemu iliyo salama inang'aa. Iliyoliwa inakuwa ya kijivu iliyofifia, yenye uso mkavu kama vumbi. Rangi ya kijani ya bodi kuzunguka miguu ya kapasita hugeuka kuwa nyeusi au ya kahawia, na njia za shaba zilizo chini yake huonekana kama zimevimba. Ukigusa mguu wa kapasita inayovuja kwa pasi ya kulehemu iliyo moto, hutoka harufu kali ya samaki aliyeoza, na harufu hiyo ni ushahidi ambao hauhitaji mita. Kama weusi umeishia kwenye miguu ya kapasita tu, una redio inayotengenezeka. Kama umefika kwenye miguu ya chipu za DDS, yaani zile zinazozalisha mawimbi kwa njia ya kidijitali, zilizoandikwa YM6631, au umeingia kwenye vitobo vingi, hesabu inabadilika, kwa kuwa chipu hizo hazitengenezwi tena, na kuzipata kunategemea kuchinja bodi nyingine au kutumia vifaa mbadala vilivyobuniwa na wanaredio wenyewe.

Katika kubadilisha, nashauri kapasita za tantali au za kauri, ambazo hazina majimaji ya kuvuja. Hapa pana mtego ambao umewaponza hata watu wenye uzoefu: kwenye kopo la alumini, alama nyeusi huonyesha upande wa hasi, ilhali kwenye kapasita ya tantali mstari uliochorwa huonyesha upande wa chanya. Anayefuata mstari bila kufikiri huziweka zote kinyume, na tantali iliyowekwa kinyume inaweza kuwaka moto. Pedi za shaba zilizokwisha kuliwa hung'oka kirahisi, kwa hiyo joto liwe la wastani na kusiwe na kuvuta kwa nguvu. Baada ya kuondoa kapasita za zamani, bodi ioshwe kwa alkoholi ya isopropili mpaka kitambaa kitoke kisafi, kwa sababu majimaji yaliyobaki yataendelea kula shaba hata chini ya kapasita mpya.

Kuna jambo jingine dogo la uzee ambalo watu hulikuza bila sababu, nalo ni betri ya kumbukumbu. Ikiisha, redio husahau masafa uliyoyahifadhi, basi. Hii ni tofauti na redio kama Icom IC-751 ya miaka ya 1980, ambayo betri ikifa hupoteza programu yenyewe ya kuiendesha. Ukiambiwa TS-850S inauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu ya betri, inunue.

Ajali ni habari nyingine kabisa. Radi inayopiga karibu na antena haina adabu ya kuharibu sehemu moja. Huingia kwa waya wa antena, kwa waya wa umeme, hata kwa waya wa kompyuta, ikachoma diodi za kubadilishia bendi, rilei, transista za mwanzo za upokeaji, na wakati mwingine kompyuta ndogo inayoongoza redio nzima. Fundi atarekebisha kile kinachoonekana, redio itaongea, na baada ya muda kitazimika kitu kingine kilichokuwa kimejeruhiwa bila kufa. Hali kadhalika redio iliyoingiwa na maji, au iliyopelekewa volti nyingi baada ya kifaa cha umeme kupoteza udhibiti. Ikiwa nyaya zilibadilishwa kati ya chanya na hasi, bado pana matumaini, kwani mara nyingi diodi ya ulinzi hujitoa mhanga na fyuzi hukatika kabla madhara hayajaenea. Lakini kama mtu aliweka waya mtupu mahali pa fyuzi, matumaini hayo yafute.

Transista za nguvu za upande wa kurusha zimesimama katikati ya makundi haya mawili. Kuzibadilisha si kazi ya kutisha, bali tatizo ni kuzipata. Transista mashuhuri za zama hizo, kama 2SC2879 ya Toshiba iliyotumika katika vifaa vingi vya kurushia, hazizalishwi tena, na soko limejaa bandia zilizoandikwa namba ileile. Zinapaswa kuwekwa jozi iliyolingana, na baada yake mkondo wa kupumzikia, yaani umeme unaopita kwenye transista kabla ishara haijaingia, urekebishwe kwa kufuata kitabu cha matengenezo, huku redio ikiwa imefungwa kwenye mzigo bandia wa omu 50, yaani kizuizi kinachomeza nguvu za kurusha, na siyo antena. Kama huna muuzaji wa vipuri unayemwamini, hitilafu hii ihesabu kama ajali.

Na lipo kundi ambalo kwangu ni baya kuliko radi: redio iliyokwisha kupita kwa fundi asiyeijua kazi. Nimewahi kuletewa TS-850S ambayo fundi mmoja alikuwa ameiunguza bodi kwa joto kupita kiasi, akaunganisha njia zilizokatika kwa nyaya za kubahatisha, kisha akazungusha kila skrubu ya marekebisho akitafuta sauti irudi. Kapasita mbovu zingetengenezeka kwa jioni moja ya utulivu. Zile skrubu zilizozungushwa ovyo ndizo zilizoihukumu, kwa sababu kuzirudisha kunahitaji vifaa vya kupimia ambavyo kuvikodi kunazidi thamani ya redio. Nilimshauri mwenyewe aiuze kwa ajili ya vipuri na sijutii ushauri huo.

Baada ya kujua ugonjwa, hesabu si ngumu. Tafuta bei tatu: redio hiyo ikiwa mbovu kama ilivyo, redio hiyo ikiwa nzima, na gharama yote ya matengenezo pamoja na usafirishaji wa kwenda na kurudi, ambao kwa mashine nzito hivi si jambo la kupuuza. Tumia bei ambazo watu wamelipa kweli, siyo zile ambazo wauzaji wanaziomba. Kama unataka kuitumia mwenyewe, matengenezo yanafaa hata yakikaribia tofauti ya bei mbili za kwanza, kwa sababu utapata redio ambayo unajua nini kimebadilishwa ndani yake, jambo ambalo hakuna redio ya mtumba itakupa. Kama lengo ni kuiuza tu, usitengeneze isipokuwa gharama iwe chini ya nusu ya tofauti hiyo, maana hatari ya kukuta hitilafu ya pili ni yako, wala mnunuzi hatakulipa kwa usiku uliokesha nao.

Ukiamua kumpelekea fundi, mwulize swali moja kabla ya lolote: amewahi kufanya kazi kwenye bodi ya CAR? Anayeijua atakujibu kwa maelezo, atataja kapasita na kutu, na atakuomba picha. Anayekuahidi bei kamili bila kuiona redio hana anachokijua.

Ukiamua kuiuza, usimwuzie mtu mbuzi kwenye gunia. Piga picha ya kioo kikiwa kimewaka, hata kama kinaonyesha nukta. Piga picha ya bodi ikiwa wazi. Eleza modi zipi zinasikika na zipi hazisikiki, na kama imewahi kufunguliwa. Maelezo hayo hayapunguzi bei kama wauzaji wengi wanavyohofia, kwani mnunuzi mwenye ujuzi akiona ni ugonjwa anaoujua hulipa zaidi kuliko yule anayekisia. Kabla ya kuweka tangazo, angalia vichujio vilivyofungwa ndani. YK-88C-1, YG-455C-1 na ndugu zake hutafutwa sana na wenye redio nyingine za Kenwood za familia hiyo, na mara nyingine vichujio viwili pamoja na maikrofoni, uso wa mbele usio na mikwaruzo na kinobu kikubwa cha masafa, vikiuzwa kimoja kimoja, huleta zaidi ya redio iliyopigwa na radi ikiuzwa kamili. Lakini redio yenye kapasita mbovu peke yake usiichinje. Iuze ikiwa kamili, pamoja na vichujio vyake na waya wake wa umeme, kwa mtu mwenye leseni na pasi ya kulehemu, na uifunge kwenye kisanduku kilichoachiwa nafasi ya sponji pande zote sita ili kinobu kisipokee uzito.