MAX30102: kihisi cha kidole kwa watafiti wa mapigo ya moyo kwa kamera

Ukitengeneza programu ya kusoma mapigo ya moyo kwenye video ya uso, utahitaji kipimo kingine cha kulinganisha nacho, kilichorekodiwa wakati uleule. MAX30102 ni miongoni mwa vihisi vinavyotumika sana kwa kazi hiyo. Kilitengenezwa na Maxim Integrated, kampuni ambayo tangu 2021 iko chini ya Analog Devices. Kwa kupata wakati wa kila pigo la moyo ni kihisi kizuri kweli, ila hakiko tayari kikitoka tu kwenye pakiti. Kwa kupima oksijeni ya damu, usikitegemee.

Chipu yenyewe ni ndogo, milimita 5.6 kwa 3.3. Ndani mna taa nyekundu ya nanomita 660, taa ya infraredi ya nanomita 880, fotodayodi (kipokea mwanga), na kigeuzi cha biti 18 kinachogeuza mwanga uliopokelewa kuwa namba. Huwasiliana kwa I2C, njia ya mawasiliano ya waya mbili (SDA wa data na SCL wa saa), kwenye anwani 0x57. Kabla ya lolote, soma rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu) 0xFF. Jibu sahihi ni 0x15. Ukipata 0x11, ulichouziwa ni MAX30100, toleo la zamani lenye biti 16 na hifadhi ndogo zaidi ya sampuli.

Lawama nyingi zinazoelekezwa kwa chipu hii ni za bodi ambayo chipu imebandikwa juu yake. Chipu hutumia volti 1.8, na baadhi ya bodi huvuta laini za SDA na SCL, kwa rezista, kwenye volti hizohizo 1.8. Mikrokontrola (kompyuta ndogo inayosoma kihisi) ya ESP32 inahitaji takribani volti 2.5 ili ihesabu laini kuwa juu, na Arduino Uno ya volti 5 inahitaji 3.5. Matokeo yake kihisi hakionekani kabisa, au kinaonekana leo na kesho kinapotea. Pima SDA kwa multimita wakati hakuna mawasiliano. Ukisoma 1.8, hamisha kiungo cha lehemu kwenye upande wa 3.3 kama bodi inacho. Kama haina, ondoa rezista zilizopo uweke za kiloomu 4.7 kwenda volti 3.3, moja kwa SDA, moja kwa SCL, na nyingine kwa pini ya INT (inayoarifu kuwa data iko tayari), ambayo husahaulika mara kwa mara.

Kosa la pili la bodi ni kwamba viungo vya lehemu viko wazi pale pale kidole kinapokaa. Jasho hupitisha umeme kati yake na ishara hujaa makelele yasiyoeleweka. Funika bodi kwa utepe mweusi, ukate dirisha juu ya chipu pekee. Utepe unaopitisha mwanga haufai, kwa sababu mwanga wa taa husafiri ndani yake hadi kwenye fotodayodi bila kupita kwenye kidole, na sehemu ya ishara inayobeba pigo huzama.

Halafu mgandamizo. Kidole kikibonyezwa sana, damu husukumwa nje ya mishipa midogo na wimbi la pigo linalala. Kikigusa kidogo tu, kila mtikisiko unaonekana kama pigo. Mkanda wa elastiki uliokazwa sawasawa ni bora kuliko kumwambia mtu ashikilie mwenyewe, maana hakuna anayeweza kushikilia kwa nguvu ileile kwa dakika nzima. Vidole vya baridi vipashwe joto kwanza.

Kwa mipangilio, anza na sampuli 100 kwa sekunde, mpigo wa mwanga wa mikrosekunde 411, bila wastani wa sampuli, na mkondo wa takribani miliampia 7 kwa kila taa (0x24 kwenye rejista 0x0C na 0x0D). Tazama thamani ghafi. Kikomo ni 262143. Thamani ikikifikia, kilele cha wimbi kimekatwa, basi punguza mkondo. Kati ya nusu na robo tatu ya kikomo panatosha. Tumia infraredi kutafuta mapigo, kwa kuwa wimbi lake huwa safi kuliko la nyekundu. Kuhakikisha safu mbili za data hazijabadilishana, weka mkondo wa nyekundu kuwa sifuri uone ni safu ipi inaanguka.

Kwenye suala la wakati ndipo data nyingi huharibikia. Hifadhi ya FIFO (foleni ya sampuli ndani ya chipu) inabeba sampuli 32, yaani milisekunde 320 kwa mpangilio huu. Mikrokontrola ikichelewa kwa sababu ya Wi-Fi au kuandika kwenye kadi, sampuli hupotea kimyakimya na rekodi nzima inajisogeza. Soma rejista 0x05, inayohesabu sampuli zilizopotea, kila mara. Ikiwa si sifuri, rekodi ina pengo. Pia saa ya chipu na saa ya kamera hazitembei sawa, kwa hiyo usihesabu muda kwa idadi ya sampuli tu. Zima na uwashe taa nyekundu mwanzoni na mwishoni mwa rekodi, kamera ikiiona: tukio litaonekana kwenye fremu na kwenye data, na utaweza kunyoosha tofauti. Kumbuka pigo hufika kidoleni baada ya kufika usoni, kwa makumi ya milisekunde. Kwa kasi ya mapigo haidhuru, lakini kwa kulinganisha pigo kwa pigo, inadhuru.

Msimbo wa mfano unaosambazwa na maktaba nyingi hufanya kazi kwa sampuli 25 kwa sekunde, na dirisha la sampuli 100. Sekunde 4 ni kidogo mno. Zaidi ya hayo, umbali kati ya vilele huhesabiwa kwa sampuli nzima, ndiyo maana kasi hurukaruka 71, 75, 78 bila chochote kati yake. Hifadhi data ghafi uchakate mwenyewe, ukichuja kati ya hezi 0.7 na 4.

Oksijeni hukadiriwa kwa uwiano wa nyekundu na infraredi, kupitia mlinganyo wa jumla usiojua bodi yako, kifuniko chako wala ngozi iliyo mbele yake. Hata vifaa vya hospitali vina tatizo hilo: uchunguzi uliochapishwa 2020 katika New England Journal of Medicine ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni ulipitwa bila kuonekana karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa Weusi kuliko kwa Weupe. Asilimia inayotolewa na moduli hii isiandikwe kwenye jedwali la utafiti kama ukweli wa kulinganishia. Kipimajoto kilicho ndani nacho hupima joto la chipu yenyewe, si la mwili.