Elfu kumi, unaingia Kilwa bila mashua

Binti yangu ndiye aliyenipeleka. Kuna kibanda kwenye jengo moja la maduka hapa Dar, wanakuvisha miwani ya uhalisia pepe na kukupeleka unakotaka. Alijua akinitajia Kilwa Kisiwani sitakataa, maana kule nimechanganya chokaa misimu miwili tukikarabati magofu. Elfu kumi kwa dakika ishirini. Nikanung'unika, nikalipa.

Kijana wa pale akaniamkia, akafuta miwani, akanikaza kichwani hadi masikio yakauma. Akanianzishia Husuni Kubwa ya enzi zake, kasri la Sultani al-Hasan bin Suleiman la karne ya 14, lile lenye vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali la bahari. Kuta nyeupe pee, sakafu inang'aa kama ya benki. Sikupenda. Chokaa ya matumbawe haikai hivyo. Mwanga wa jioni ukiipiga ubavuni, unaona mapito ya mwiko na mahali fundi alipochoka. Aliyechora hii nadhani rangi anayoijua ni ya ndoo. Birika la pembe nane wamelijaza maji ya buluu, hayo nimewasamehe.

"Kijana, huna magofu yenyewe, kama yalivyo?"

"Yapo mzee, ila wateja wengi huyaruka."

Akaniwekea Msikiti Mkuu. Hapo nikanyamaza.

Hii haikuchorwa, ilipimwa. Mashine hukaa juu ya miguu mitatu, ikapiga miale ya leza ukutani na kurudi na mamilioni ya nukta, kila moja mahali pake. Kilwa imepimwa na watu wa Zamani, mradi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na baadaye CyArk, shirika la Marekani, nao walifika. Basi kila ufa unauona. Nguzo za pembe nane zilivyomomonyoka, jiwe la tumbawe lilivyochungulia lipu ilipobanduka. Nikainua uso chini ya kuba na kuona kwa karibu nisikowahi kufika, kwa sababu jukwaa letu liliishia mabegani mwa ukuta. Nikatafuta kiraka changu, sikukipata. Labda nilikuwa nakitafuta ukuta usio wake.

Halafu mkono ukanitoka wenyewe. Sisi ukuta wa zamani tunaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukiitika kama mtungi mtupu, ujue lipu imeachana na jiwe, usipande ngazi hapo. Nikanyoosha mkono nigonge, nikagonga chupa ya chai ya yule kijana, ikaenda chini. Alicheka, Mungu ambariki, nami nikamlipia chai.

Ila ukuta ule usiogongeka ndio uliobaki kichwani mwangu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Unguja, ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020, kitu cha kwanza nilichojiuliza ni nani ana vipimo vyake. Kilwa yenyewe ilikaa miaka 10 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, 2004 hadi 2014, na bahari haijaacha kuila pwani yake. Ukuta ukishalala, nukta za leza zitamwambia fundi dirisha lilikaa wapi na lilikuwa na upana gani. Hazitamwambia chokaa ilirowekwa siku ngapi, wala kwa nini tulikatazwa saruji: inaziba pumzi ya ukuta, chumvi inakosa pa kutokea, jiwe linaoza kwa ndani. Wangempata mzee mmoja wa kazi hii aseme maneno hayo mle ndani ya miwani, ningelipa hata elfu ishirini.

Badala yake anaongea mzungu, Kiingereza kitupu, Kilwa anaitamka kama jina la dawa. Binti yangu akawa ananitafsiria sikioni. Na kiti hakuna. Dakika ya kumi na mbili kizunguzungu kikanishika, nikamshika kijana bega.

Nitarudi, elfu kumi yangu haikupotea. Nawe ukienda, usile kwanza, omba kiti mapema, na ile ya kasri jeupe waambie wairuke. Nenda moja kwa moja kwenye magofu, kisha inua uso.