Kigeuze Kwanza: Kiti cha Kale cha Kichina cha Huanghuali

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni sana. Leo niko Hong Kong, barabara ya Hollywood, kwenye duka la samani za kale. Mwenye duka ameniruhusu kushika, basi nitachambua kiti kimoja tu, lakini nitakichambua vizuri.

Kinaitwa quanyi. Mgongo na mikono yake ni upinde mmoja, unaanzia nyuma juu na kuteremka hadi mbele, viganja vinapotulia. Mbao ni za huanghuali, mti wa kisiwa cha Hainan. Mtindo ni wa zama za Ming, nasaba iliyotawala China kuanzia 1368 hadi 1644.

Najua mnataka bei. Mwaka 2015, mnada wa Christie's kule New York uliuza viti vinne vya aina hii, vilivyokuwa vya marehemu Robert Ellsworth, mfanyabiashara wa sanaa za Asia, kwa zaidi ya dola milioni 9.6. Mtu akisikia hivyo anatafuta dhahabu, anatafuta nakshi kila kona. Hapa hamna. Kilichowafanya watu watoe pesa zile ni kazi ya seremala.

Ngoja nisogeze kamera. Huu upinde unaonekana kama kipande kimoja, lakini ni vitano. Mnauona huu mstari mwembamba? Hapo ncha mbili zimepishana, kila moja ina kijino kinachoingia kwa mwenzake, halafu katikati ikapigwa kabari ndogo ya mbao. Kabari hiyo ndiyo kufuli. Msumari hakuna hata mmoja. Pitisha kidole: mimi naona kwa macho, kidole hakioni kitu.

Sasa tukigeuze. Mnunuzi yeyote asiyegeuza kiti hajakiona. Mguu wa nyuma na nguzo ya mgongo ni mti mmoja, umepenya fremu ya kitako ukapanda mpaka juu, kwa hiyo ukiegemea, uzito unashuka moja kwa moja sakafuni. Tazama na vipande vinavyofunga miguu: cha mbele kiko chini kabisa, vya pembeni vimepanda kidogo, cha nyuma kimepanda zaidi. Wachina wanaona humo baraka ya kupanda hatua kwa hatua. Fundi naye ana sababu yake: ukitoboa matundu mawili kwenye kimo kimoja, mguu unadhoofika.

Kipande cha mbele ni cha kukanyagia. Kimelika katikati, pembeni kingo bado zimesimama. Ukiambiwa kiti kina miaka 400 na hapa pamenyooka kama kimetoka kiwandani jana, uliza: kimebadilishwa? Na kitako kilikuwa cha henzirani iliyosukwa? Vingi viliwekewa kitako kipya baadaye. Hilo si kosa, ila muuzaji aliseme. Ubaya ni kiti kilichounganishwa kwa mabaki ya viti viwili vitatu kisha kikauzwa kama kizima.

Mbao hizi ngumu zilipata nafasi kubwa baada ya 1567, China ilipolegeza marufuku ya biashara ya baharini na meli zikaleta shehena kutoka kusini. Mafundi wa mji wa Suzhou wakazipokea. Baadaye ikulu ya Qing, nasaba iliyofuata Ming, ikaipenda zaidi zitan, mbao nyeusi-nyekundu, nzito hata huzama majini. Kwa maoni yangu, nakshi za Qing mara nyingi zinaficha mti. Huanghuali iliachwa wazi, ndiyo maana mabaka yake yanaonekana hivi, nami nachagua hii bila kusita. Mchina Wang Shixiang alikusanya samani za namna hii na kuziandikia maisha yake yote, na samani zake 79 sasa ziko Jumba la Makumbusho la Shanghai. Ukifika kule, anzia hapo.

Kwetu Afrika Mashariki, mti huu una ndugu. Huanghuali ni jamii moja na mpingo, Dalbergia. Zitan ni jamii moja na mninga, Pterocarpus. Kiu ya China ya mbao nyekundu kwa samani mpya za mtindo huu ndiyo iliyopunguza sana mti wa mukula huko Katanga na Zambia, mpaka mwaka 2019 mti huo ukaingizwa kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Dalbergia zote zimo pia, kwa hiyo hata kiti cha kale uliza vibali kabla ya kukivusha mpaka.

Uamuzi wangu: ukiwa na mtaji mkubwa, nunua huanghuali yenye historia ya wamiliki iliyoandikwa, si hadithi ya mdomo. Mtaji mdogo, tafuta kiti cha kale cha mbao za yumu, mti wa kawaida wa China. Umbo ni hili hili, viungo ni hivi hivi, bei ni ya chini sana. Kipya cha mbao nyekundu ambacho muuzaji hawezi kusema mti ulikatwa wapi, kiache hapo hapo dukani.