Fundi wa bodi wa Mwanakwerekwe: kutu kaikata, hakuifunika

Gari yangu ni Suzuki Escudo ya mwaka 1996, na kazi yake ni kuchukua samaki kutoka Mkokotoni kuja soko la Darajani, hapa Unguja. Kwa hivyo kutu yake si ya upepo wa bahari tu. Maji ya ndoo za pweza yanamwagika, yanapenya chini ya mkeka, yanakaa huko huko.

Gereji ya mwanzo, sitoitaja, ilinirudishia gari inang'ara. Masika hayajesha, rangi ikaanza kufura chini ya mlango wa dereva. Ndipo nikaelekezwa kwa huyu fundi wa Mwanakwerekwe. Alichukua sumaku kaifunga kitambaa, akaipitisha mlangoni: juu inanasa, chini pale tunapokanyaga kupandia inaanguka. Akasukuma bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Alipochokora yakatoka magazeti yaliyogandishwa kwa puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi.

"Mama, hapa hamna bati," akanambia.

Kazi yake nimeiona kwa macho yangu, maana hakatazi mtu kusimama. Kwanza alifungua waya za betri, akatoa viti na mkeka. Kisha grinda. Wengi wanakata mpaka pale tundu linapoishia, basi. Yeye alikwenda mbele zaidi mpaka bati lote likawa jeupe, halina hata doa. Kiraka alikipima kwa boksi kwanza, halafu akakata bati jeusi la geji 20. Mabati ya kuezekea hataki kuyasikia, yamepakwa zinki: ikiungua moshi wake unamdhuru mchomeaji, na weldi yenyewe haishiki vizuri. Alichomea kwa kudonoa, tone huku, tone kule, akingoja lipoe, kwa sababu ukiuburura moto moja kwa moja bati linapinda. Baadae praima ya zinki, rangi ya chini ya kuzuia kutu, na puti nyembamba ya kusawazisha tu.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni vitundu vya chini. Gari hutoka kiwandani na vitundu vya kutolea maji kwenye kizingiti cha mlango, na wale wa mwanzo walivijaza puti, maji ya chumvi yakawa hayana pa kutokea. Huyu alivizibua kimoja kimoja, akapuliza nta ndani ya uwazi wote. Na kwa kuwa Escudo hii ina chesisi yake, fremu ya chuma ya chini, mbali na bodi, akaigonga kwa nyundo mbele mpaka nyuma akisikiliza mlio. Alhamdulillahi, nzima.

Kasoro zipo. Aliniahidi gari baada ya sala ya Ijumaa, nikaipata wiki ya pili, na samaki hawangoji. Nimekodi kirikuu, kigari cha mizigo, kwa pesa yangu. Rangi anapiga nje, vumbi linaingia, na juani mlango unaonekana wa njano kidogo kuliko madigadi. Anayetaka mng'aro apeleke kwengine kwa rangi.

Pande zote mbili alinitoza laki nne na nusu, bati na kuchomea humo humo, rangi mbali. Ni zaidi ya niliyolipa mwanzo, na mimi naiona ya haki. Masika yamepita, sumaku inanasa mpaka chini.

Ukienda, nenda asubuhi kabla hajabanwa, na mwambie akuoneshe bati lilivyokatwa kabla ya kuweka kiraka. Hakatai.