Siga yangu ya kwanza, kutoka kiduka kimoja Mji Mkongwe

Jamani mie si mvutaji, ila Ijumaa usiku nikajitia kimbelembele nikaingia kiduka kimoja huko Shangani nikanunua siga, ile tumbaku nene iliyosokotwa kwa majani yake, saizi ya Robusto (fupi nene) kwa elfu 45, muuzaji kanitilia kwenye mfuko kama ananiuzia njugu, hata hakuniuliza kama najua kuikata wala kuiwasha. Nikenda nayo Forodhani, upepo wa kusi huo, nimemaliza nusu ya kibiriti na siga inaungua upande mmoja tu! Halafu nikavuta moshi mpaka kifuani kama sigara ya kawaida, wallahi kichwa kilizunguka nikakimbilia juisi ya miwa.

Bahati ami yangu aliwahi kuwa baharia, kanicheka weee, ndo akanifunza: kata kidogo tu pale kichwani, upande wa kutia mdomoni, moto usiiguse tumbaku, uzungushe ncha ya pili pole pole mpaka ipate wekundu pande zote, ndo uvute, moshi uishie mdomoni, mara moja kwa dakika hivi inatosha, ukikazana inakuwa chungu.

Siga yenyewe tamu, haikuwa kavu. Huduma sasa! Nyota 2. Na harufu kwenye kanzu haijatoka, mke wangu kaninunia mpaka leo.