Kuzunguka ukingo wa Longonot kwa siku moja kutoka Nairobi: uzoefu wangu

Nyota nne kwa tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya njia ya kutoka geti la hifadhi ya Mlima Longonot hadi ukingo wa kasoko, yaani lile shimo la volkano juu ya mlima, ambayo nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa ndiyo inayoamua kama siku yako itakuwa tamu au chungu.

Longonot husifiwa vibaya. Ukiuliza, utaambiwa ni kamlima ka wanaoanza, na kwa tarakimu ni kweli: kilele kiko mita 2,776, geti liko karibu mita 2,150, hivyo tofauti ni kama mita 630 tu. Mtu anayeishi Nairobi tayari amezoea mita 1,700 na ushei, kwa hiyo hewa nyepesi haitamsumbua. Shida iko kwingine. Jina lenyewe linatokana na Oloonong'ot ya Kimaasai, mlima wa migongo mingi, na anayezunguka kasoko nzima atazihesabu hizo migongo kwa magoti. Geti hadi ukingo ni kilomita 3.1, mzunguko wa ukingo ni 7.2, kisha unashuka tena zile 3.1. Jumla 13.4. Hakuna kivuli cha maana, na hakuna tone la maji njiani.

Usafiri kwanza, maana hapo ndipo watu hupoteza saa nzima. Matatu za Naivasha zinapakia Nyamakima, katikati ya Nairobi, na mitaa ya karibu. Kabla hujakaa, uliza: mnapitia barabara ya juu au ya chini? Ya juu ni ile ya Kinungi, na haikufikishi Longonot. Unataka ya chini, inayoteremka Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, kisha inaendelea kuelekea Naivasha. Ukiambiwa panda ya Narok, inafaa pia, lakini inapinda pale Mai Mahiu. Itabidi ushuke hapo uchukue nyingine. Teremkia kituo cha Longonot, halafu bodaboda hadi getini. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda pikipiki, kwa sababu jioni, ukiwa umejaa vumbi mpaka kope, huna nguvu ya kubishana na mwenye pikipiki analijua hilo.

Kwa gari la binafsi hesabu saa moja na nusu hadi mbili kutoka katikati ya jiji. Ukungu wa alfajiri kwenye mteremko ni wa kweli, na malori ni mengi, kwa hiyo usipange kufidia muda hapo. Mimi napendekeza kuondoka saa kumi na moja alfajiri ili uwe unatembea kabla ya saa mbili. Anayeanza saa nne atakutana na jua la utosini akiwa kwenye sehemu iliyo wazi kabisa, na hapo aishie ukingoni tu arudi. Hakuna aibu, mandhari ya ukingoni peke yake yanalipa kiingilio.

Malipo ni ya mtandaoni, si noti mkononi. Lipa ukiwa nyumbani, weka risiti kwenye simu na kitambulisho mfukoni, kwa kuwa bei ya raia inahitaji kitambulisho. Jambo jingine ambalo bado linawashtua watu: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga na maeneo mengine ya hifadhi Kenya. Zile chupa za maji za dukani zisikupe matumaini. Beba chupa ngumu za kujaza tena.

Maji: lita tatu kwa mtu mzima anayezunguka, lita moja na nusu kwa anayeishia ukingoni. Najua lita tatu ni kilo tatu mgongoni. Beba tu. Weka nusu ya lita iwe na chumvi na sukari au unga wa ORS, ule anaopewa mwenye kuharisha, kutoka duka la dawa, kwa sababu jasho linatoa chumvi pamoja na maji, na maji matupu hayairudishi. Chakula kisiwe cha kukausha mdomo. Mkate mkavu na biskuti hazimezeki kwenye vumbi. Viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, ndizi na machungwa vinashinda vitafunio vyote vya supamaketi.

Sasa ile njia. Mlima huu ni volkano, na udongo wake ni majivu yaliyoshikana kijuujuu. Nyayo zinayavunja, mvua inayabeba, na njia inageuka mtaro. Sehemu nyingine mtaro umekwenda chini kiasi kwamba watu wamefungua njia ya pili pembeni, ambayo nayo inaanza kuchimbika. Kiangazi, yaani Januari na Februari na tena Julai hadi Septemba, kuna vumbi laini kama unga wa ngano ambalo linaingia kwenye soksi, puani na kwenye tundu la kuchajia simu. Chini ya vumbi hilo kuna changarawe nyepesi za volkano, na kuzikanyaga ni kama kutembea juu ya mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai. Masika, vumbi linakuwa utelezi na mitaro inakuwa mifereji. Ukiniuliza, wakati mzuri ni wiki moja au mbili baada ya mvua kukatika, udongo ukiwa bado umeshikana. Mvua ikiwa na radi, usipande. Ukingo ni mwembamba na wewe ndiye kitu kirefu zaidi juu yake.

Kwa hiyo viatu. Raba yenye soli iliyolika ndiyo sababu kubwa ya watu kushuka kwa makalio. Buti si lazima, lakini soli iwe na meno na kiatu kishike kisigino. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu maelfu ya mara, na kucha ndefu inakuwa nyeusi kesho yake. Leso au barakoa kwa ajili ya vumbi, na kwenye msafara acha hatua kumi kati yako na aliye mbele, la sivyo utakula vumbi lake hadi ukingoni.

Kipande cha kwanza baada ya geti ni cha kupendeza, kimeinuka polepole, na asubuhi mapema unaweza kuona twiga, pundamilia na swala bila kusimama kutafuta. Usiingie mbio hapa. Ndipo wenye nguvu za saa la kwanza wanapoziteketeza. Mwinuko wa kweli uko kabla ya ukingo, na dawa yake ni hatua fupi, pumzi ya puani, na kusimama ukiwa umeegemea mguu wa chini badala ya kuketi kila dakika tano. Saa moja hadi moja na nusu inatosha.

Ukifika ukingoni, kasoko inafunguka mbele yako ghafla: shimo pana lililojaa msitu wa miti iliyobanana, na asubuhi ya baridi utaona mvuke ukitoka kwenye kuta zake. Wengine huuliza kama mtu anaweza kuteremka mle. Usijaribu. Kuta ni za kuporomoka, na kuna nyati na chui. Moto wa Machi 2009 uliwahi kuunguza mlima huu, kwa hiyo wavuta sigara, siku ya kupanda msivute.

Hapo lazima uamue upande. Pinda kulia, kasoko ikiwa mkono wako wa kushoto. Kilele kinakuja katika sehemu ya kwanza ya mzunguko, na ule mwinuko mkali unaupanda ukiwa na magoti mapya badala ya kuushuka ukiwa umechoka. Ukienda kushoto, unaanza kwa raha halafu unalipa deni mchana kwa kuteremka mahali pabaya. Waongozaji wengine watakushauri kushoto kwa sababu ni polepole, nami naelewa kwa kundi lenye watoto ambalo halitafika kileleni, lakini kwa mzunguko kamili siafiki.

Kati ya ukingo na kilele udongo unapisha mwamba. Kuna sehemu unaweka mikono, na njia ina upana wa mtu mmoja huku shimo likiwa upande mmoja. Hapa fimbo mbili za kutembelea zinakuwa kero. Zifunge kwenye begi. Jaribu jiwe kabla ya kuliegemea, maana lava iliyopasuka inaonekana imara na siyo. Aliye juu akiangusha kijiwe, apaze sauti mara moja. Picha ya kujipiga ukirudi nyuma nyuma ndiyo hatari kuliko nyoka yeyote wa mlima huu.

Kileleni upepo ni baridi hata jua likiwaka, kwa hiyo jaketi nyepesi isibaki garini. Ziwa Naivasha linaonekana lote, hifadhi ya Hell's Gate iko magharibi, mlima Suswa kusini, na nyanda za juu za Kinangop zinaziba upande wa mashariki. Kula hapa, si ukingoni pale mwanzo.

Baada ya kilele watu hudhani wamemaliza. Bado. Ukingo unashuka na kupanda mara kadhaa kati ya vichaka vya leleshwa, na kila kigongo kinaficha kingine. Weka kando nusu lita ya maji kwa ajili ya sehemu hii, na usiiguse mapema. Mzunguko wote, pamoja na mapumziko, ni saa tatu hadi nne. Jiwekee saa ya kugeuka: ikiwa saa sita na nusu hujagusa kilele, rudi ulikotoka.

Kushuka hadi getini kunaumiza zaidi ya kupanda. Kaza kamba za viatu juu ya kifundo, kunja magoti kidogo, weka kisigino kwanza, na kwenye mitaro shuka kiubavu. Usijaribu kukimbia na changarawe. Anayeteleza hapa huanguka akiwa amenyoosha mkono nyuma, na ndivyo kifundo cha mkono kinavyovunjika.

Mwongozaji si wa lazima kwa aliyezoea, njia inaonekana. Kwa kundi la mara ya kwanza ningelipia mmoja. Choo tumia cha getini kabla ya kuanza. Na ukirudi Jumapili, fika kituo cha Longonot kabla ya saa kumi, kwa sababu baada ya hapo matatu zinazotoka Naivasha zinapita zikiwa zimejaa, na zenye nafasi moja hutoza kama za nafasi mbili.