Msaada wa afya ya akili bila hela nyingi Nairobi: uzoefu wangu

Husemwa kwamba ushauri nasaha Nairobi ni wa wenye pesa. Ukiulizia bei za Kilimani utaamini. Lakini mimi nilipoanza kutafuta, bei haikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni pa kusemea.

Naishi chumba kimoja mtaa wa Pipeline. Jirani akikohoa namsikia, nami nikilia ananisikia. Laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu haikati hata shilingi, ila utaanzaje kumfungulia moyo mtu usiyemjua huku mwenzako anakaanga vitunguu upande wa pili wa ukuta? Nikapanda juu ya ploti, kule tunakoanika nguo, nikasimama kati ya mashuka ya watu na tangi la maji, nikapiga.

Aliyepokea hakunihubiria wala kuniambia nijikaze. Mapema tu aliniuliza waziwazi kama nimefikiria kujiua. Nilishtuka, kisha nikahisi mzigo umepungua. Kumbe swali lile halimtii mtu wazo kichwani, linamfungulia mlango wa kusema. Na tangu Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilichoharamisha jaribio la kujiua kinakiuka Katiba, ni rahisi zaidi kujibu ukweli. Befrienders Kenya nao wanapatikana kwa 0722 178 177. Kazi yao hasa ni kusikiliza, usitarajie wakupangie maisha. Hiyo ni namba ya kawaida, kwa hivyo weka kredo.

Programu za simu sizipendi. Niliyopakua ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na muda si muda ikaanza kudai dola. Afadhali kijitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2020 kuhusu msongo wa mawazo: kina michoro mingi, kina mazoezi yaliyorekodiwa unayoweza kuyasikiliza, na ni bure mtandaoni. Zoezi la kukandamiza nyayo sakafuni na kutaja unachoona na kusikia nalifanya ndani ya matatu, barabara ya Outer Ring ikiwa imefunga kwa foleni. Hakuna anayejua.

Kilichonifaa zaidi ni chumba kidogo nyuma ya kanisa fulani, chenye mlango unaofungwa. Pale mwanafunzi wa ushauri nasaha anatimiza saa zake za mafunzo chini ya msimamizi, nami natoa mia mbili. Rafiki yangu alinicheka, eti naenda kutibiwa na mwanafunzi. Nikamwambia habari za Dagoretti: wahudumu wa afya wa jamii, wala si madaktari, walifunzwa kuwapa wanawake vikao vitano vya kukabiliana na matatizo yao, na utafiti uliochapishwa 2017 ukaonyesha dhiki yao ilipungua. Bado anacheka, lakini juzi aliniuliza ni matatu gani inafika pale.

Vikao na vijitabu vina mipaka, lakini. Kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au usingizi umekukimbia kabisa, nenda Mathari, hospitali ya umma ya magonjwa ya akili, pale Thika Road. Watu wanaiogopa kwa jina lake la zamani, ila wengi wanaoonwa pale hurudi kulala kwao. Ukitoka Eastlands, panga nauli ya kwenda na kurudi, ubebe na kitu cha kutafuna, maana foleni za hospitali za umma unazijua.